Baraza la Mateko

Mwalimu Athumani amekufa, na katika hitima yake nimekula sahani mbili za biriani. Ya kwanza niliila kwa adabu, kama mgeni anavyostahili kula. Ya pili niliila kwa makusudi. Wanawake tulikuwa ghorofani, kwenye chumba kirefu cha nyumba ya marehemu hapa Kuze, mtaa wa mji wa kale, mazulia yametandikwa ukuta kwa ukuta, masinia yakipita juu ya vichwa vyetu, na mtoto wa nani sijui akilia kwa sababu amenyimwa soda. Wanaume walikuwa chini, na kipaza sauti kilikuwa kikituletea maneno yao kupitia dirishani. Aliyekuwa akizungumza alimwita marehemu hazina ya mji, mtu aliyeiokoa historia yetu isipotee, mtu ambaye bila yeye watoto wetu wasingejua walikotoka. Rukia, ambaye nimesoma naye tangu darasa la kwanza mpaka la saba, na ambaye bado anaishi vichochoro viwili kutoka hapo, alinibinya paja. Nikamwomba bibi aliyekuwa mbele yangu anisogezee pilipili. Nimestaafu sasa. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu mahakamani, na miaka yote hiyo nimesikia watu wakishika msahafu ama Biblia kisha wakasema uongo bila kumeza mate, kwa hivyo hotuba ya hitima hainitoi jasho. Lakini ile ya historia ilinikwama kooni kuliko mfupa wa mbuzi.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi nyumbani. Anayenijua anajua, na asiyenijua hakosi kitu. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa darasa la saba, shule yetu ilipoingizwa katika mpango wa ziara. Ofisi moja, ambayo jina lake silitaji kwa sababu haina haja ya kutangazwa na mimi, ilimtuma mtu wake aliyevaa kaki, na buti, na kofia yenye ukingo, aje kila mwezi atuchukue wanafunzi kwenda kufundishwa miti, ndege na mambo ya kale. Jina lake Bwana Kilonzo. Sisi tulimwita Bwana Renja. Mpokeaji wake shuleni alikuwa Mwalimu Athumani, kijana wakati huo, kanzu siku ya Ijumaa na suruali ya kunyooshwa siku nyingine zote, mzaliwa wa Kuze kama mimi. Nyumbani kwao alisema kama tulivyosema sote: ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, mato kwa macho. Shuleni mtoto akimwita mwenzake "ndoo" badala ya "njoo", Mwalimu Athumani alimpelekea ndoo ya kweli, akamwamuru akafagie na kupiga deki choo. Alidhani huo ni mzaha mkubwa. Aliurudia mwaka mzima, na kila mara alitazama huku na huku kuona nani ameufurahia.

Ziara ya kwanza ilikuwa Tudor, kwenye mikoko. Tulisimama juu ya matope tukaambiwa mti huu unapumua kwa mizizi, na watoto wa mtaa wa Buxton, ambao wazazi wao wengi walikuwa wametoka bara kufanya kazi bandarini na relini, waliuliza maswali mazuri, na sisi watoto wa mjini tulikuwa tukiogopa kuchafua viatu. Ya pili ilikuwa kutazama ile nguzo ya zamani ya Mbaraki. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulipandishwa basi la shule tupelekwe Kuze. Naomba msomaji alitazame jambo hili vizuri. Sisi tuliokuwa tumetoka Kuze asubuhi ile kwa miguu, tukafika shule kwa miguu, tulipandishwa basi turudishwe Kuze kuonyeshwa Kuze. Mama zetu waliambiwa ni safari, nao wakatufungia chakula cha safari: chapati, mayai ya kuchemsha, na chupa za sharubati ya ukwaju. Basi halikuweza kuingia vichochoroni, likatushusha barabarani, tukapanga mistari miwili na kushikana mikono. Chakula tulikila tukiwa tumeketi kwenye kivuli cha ukuta wa kina Rukia, tukisikia harufu ya mbaazi iliyokuwa jikoni kwao, na mamake akatuchungulia dirishani akauliza kama tumefukuzwa shule.

Nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na kichochoro ambacho wanaume hawakukipita ovyo. Milango ya jikoni ilifunguka huko, na kando ya mlango wa Bi Zuhura palikuwa na baraza refu la mawe na chokaa, lililolainishwa na makalio ya wanawake wa vizazi sijui vingapi. Baada ya alasiri walitoka hapo na kushona kwao, na mchele wao wa kuchagua, na habari zao. Walicheka. Sisemi walitabasamu. Walicheka mpaka sauti zikafika barabarani, wakimcheka bwana harusi, wakimcheka muuza samaki, wakijicheka wenyewe. Mwanamume aliyekuwa na haja ya kupita huko alisimama kwenye kona kwanza akakohoa. Wanawake wakavuta buibui zao, kicheko kikashuka, naye akapita haraka macho chini, na alipokwisha pita kicheko kikapanda mara mbili, na safari hii kilikuwa juu yake. Ndiyo maana pakaitwa Baraza la Mateko. Sisi kucheka twaita kuteka. Kicheko ni kiteko, na vikiwa vikubwa ni mateko. Hakuna mtoto wa Kuze aliyehitaji kuelezwa.

Bi Zuhura alikuwa peke yake siku hiyo, maana ilikuwa mchana bado. Alikuwa akishona kofia, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Hakuwa nyanya yangu, lakini nilikuwa nikila kwake kuliko nilivyokula kwetu. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha samadari kirefu hata ukapanda kwa kigoda, kuta nene zenye ubaridi, na sahani za kaure zilizopangwa kwenye vidaka vya ukutani ambazo hazikupakuliwa chakula hata siku moja. Alinipa mkate wa sinia na chai ya tangawizi na akaniuliza maswali ambayo hakuna mkubwa mwingine aliyeniuliza, kwa mfano nani shuleni ana pua mbaya zaidi. Bwana Renja alimsalimia kwa heshima, sitaki kumdhulumu, na yeye akamrudishia salamu zote, hali yake, hali ya watoto, hali ya huko atokako, mpaka yule bwana akachoka. Kisha akauliza, "Mama, hapa panaitwaje?"

"Hapa? Hapa ni Baraza la Mateko, mwanangu."

Nilimwona akishtuka. "Mateka? Kwa hiyo watu waliteka hapa?"

"Kuteka? Ah! Kuteka, si ni kila siku! Hata watu mbavu zawauma."

"Na waliokuwa wakiteka ni akina nani, mama?"

"Ni sisi," akasema Bi Zuhura kwa fahari, akajigusa kifua kwa sindano. "Nyanyangu, kisha mamangu, na sasa ni mimi."

Bwana Renja akasogea karibu. "Na waliotekwa?"

"Kila apitaye! Hata nyinyi, mukishapita kona ile, mutatekwa."

Watoto wa Kuze tuliuma midomo. Rukia alijificha uso kwenye mgongo wangu na nikahisi akitetemeka. Lakini Bwana Renja alivua kofia yake. Akawageukia wanafunzi kwa sauti nzito, akasema kwamba wametembelea leo mahali pa uchungu, mahali ambapo binadamu waliketishwa wakingojea kuuzwa, na kwamba ni nadra sana kukutana na mtu mwenye ujasiri wa kukiri waliyoyafanya wazee wake. Akatuomba tunyamaze kwa dakika moja. Tukanyamaza. Msichana mmoja wa Buxton alilia, machozi ya kweli. Bi Zuhura alitutazama, mmoja mmoja, kofia mkononi, akaniuliza polepole, "Maimuna, kuna aliyekufa?"

Mpaka hapo ni kichekesho, na kama kingekomea hapo tungekicheka mpaka leo. Mtu wa bara hakulijua neno, basi. Hakuna dhambi katika kutolijua neno. Bwana Renja mwenyewe alikuwa na shaka, na hili nalijua kwa masikio yangu. Wiki moja baadaye Mwalimu Athumani alinituma kwa mama muuza mahamri, na niliporudi na kifurushi nikasimama nje ya mlango wa ofisi ya walimu kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa imekishika. Nilimsikia Bwana Renja akisema, "Mwalimu, wewe ni mwenyeji. Nataka kuandika habari za lile baraza tuliwekee kibao. Lakini yule mama alikuwa mchangamfu mno. Una hakika nimemwelewa?" Nikangoja Mwalimu Athumani acheke. Badala yake nilimsikia akiweka kikombe juu ya sahani, akasema, "Umemwelewa sawasawa. Wazee wetu wanachangamka kuficha uchungu." Nilisukuma mlango kwa goti nikawawekea mahamri mezani. Alinishukuru kwa Kiswahili kile chake cha redio.

Nilimfuata baada ya masomo. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mkubwa akikosea ni kwa kuwa hajaambiwa. Nikamwambia, "Mwalimu, ile si mateka. Ni mateko."

"Na mateko ni nini?"

"Ni vicheko, Mwalimu. Hata wewe wajua."

"Katika kitabu gani, Maimuna?"

Sikuwa na kitabu. Akainama mpaka nikanusa mafuta ya nywele zake, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho ndani ya ukuta wa shule ile alisema nami kwa lugha ya kwetu. "Sikiza, mwanangu. Hawa wataweka kibao. Watatengeneza kichochoro, watapiga chokaa, wageni watakuja. Nani atakayetoka Nairobi kuja kutazama mahali wanawake walipokuwa wakiteka?" Kisha akajinyoosha, akarudia Kiswahili chake, akaniambia kwamba kwa kuwa nina sauti safi nimechaguliwa mimi kusoma historia ya baraza siku ya kufunguliwa kibao, na kwamba watakaofanya vizuri watapelekwa Tsavo na Bwana Renja kutazama ndovu.

Nimewaona waongo wengi. Mwizi wa kuku anayekana kuku huku manyoya yamo mfukoni namheshimu, maana anapigania shingo yake. Mwalimu Athumani hakupigania chochote. Aliona haya kwamba watu wake walikuwa na furaha. Alitaka tuwe na msiba wa kuonyesha, kwa sababu msiba una hadhi na kicheko cha wanawake nyuma ya jikoni hakina. Na wazee wa mtaa, waliojua neno lile vizuri kuliko yeye, waliletewa habari ya kupigiwa chokaa wakatikisa vichwa kukubali. Babake Rukia alisema, "Wacha waandike watakalo, mradi mtaro uzibuliwe." Mtaro haukuzibuliwa.

Kilichonichoma ni Bi Zuhura. Kwa sababu penye mateka pana mtekaji, na hadithi ile ilikuwa na mtekaji mmoja tu aliyekuwa hai, naye alikuwa amejitaja mwenyewe kwa kidole na sindano. Shule nyingine zilianza kuletwa. Bwana Renja alisimama mbele ya mlango wake akieleza kwamba ukoo wa nyumba hii umekiri. Watoto walimnyooshea kidole. Wengine walirusha maganda ya machungwa. Siku moja nilimkuta ndani, amekaa ukingoni mwa kitanda chake kirefu, miguu ikining'inia, kushona kwake kumewekwa kando. Aliniuliza, "Maimuna, wananiita mwiba watu. Mimi nimemwiba nani?" Nilimweleza jinsi neno lilivyopinduliwa. Nilidhani atacheka. Alikaa akilifikiri, kisha akasema, "Basi waambie. Wewe si ndiwe utakayesoma? Waambie." Alikuwa hajapata kuniomba kitu chochote, hata maji.

Siku ilipofika, kichochoro kilikuwa kimepakwa chokaa mpaka macho yanauma. Viti vilipangwa, kreti za soda zikawekwa kivulini, na kamba ya utepe ikafungwa mbele ya baraza. Mgeni wa heshima alikuwa mtu mnene mwenye tai, aliyekuwa akijipepea kwa ratiba. Wanaume wa mtaa walijaa kwenye kichochoro ambacho wasingethubutu kukipita, bila kukohoa hata mmoja. Milango ya jikoni ilifungwa. Dirisha la Bi Zuhura lilikuwa limeegeshwa tu, nami nilijua yuko nyuma yake. Mwalimu Athumani alinipa karatasi. Nikaisoma mpaka nilipofika kwenye neno, nikaiteremsha karatasi, nikasema kwa sauti ile ile safi waliyoipenda: "Hili ni Baraza la Mateko. Hapa nyanya zetu na mama zetu waliteka kila siku baada ya alasiri, wakateka mpaka mbavu zikawauma, na aliye na haki zaidi ya kuketi hapa ni Bi Zuhura, kwa sababu yeye ateka kuwashinda wote."

Mgeni wa heshima akatikisa kichwa kwa huzuni. Mama mmoja wa ofisini akatoa leso akajifuta macho. Watu wa Kuze walitazama viatu vyao. Na nyuma ya dirisha, Bi Zuhura akacheka, kicheko kile cha zamani, kile cha kupanda na kukatika na kupanda tena. Mgeni wa heshima akageuka. "Nani analia humo ndani?" akauliza.

Mwalimu Athumani hakusita hata kidogo. "Ni bibi mwenye nyumba, mheshimiwa," akasema. "Amekumbuka."

Wakapiga makofi, wakakata utepe, wakanywa soda. Kibao kiliandikwa Baraza la Mateka, kwa rangi nyeupe juu ya kijani, na mnyororo ukawekwa ili pasikaliwe. Sikuenda kutazama ndovu. Alikwenda mtoto wa Mwalimu Athumani, aliyekuwa darasa la tano na hata hakuwamo katika ziara zetu. Bi Zuhura alijaribu kuketi mahali pake siku chache baadaye, na mlinzi aliyewekwa, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Mama, samahani, hapa hapakaliwi, ni mahali pa heshima." Akarudi ndani. Wanawake wengine walihamia ndani vilevile, kila mmoja kwake, na kucheka peke yako chumbani ni kazi ngumu. Kabla mwaka haujaisha bintiye alikuja kumchukua kumpeleka Malindi. Alibeba mto wake wa kukalia kwapani, hakuutia kwenye mzigo. Aliniambia nimtembelee nimletee habari za pua. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili alikuwa hawezi tena kuketi.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuna pamoja na biriani. Hitima ilipokwisha tulipewa halua na kahawa, tukawapa mkono wafiwa, na Rukia akasema tupitie nyuma, huko mbele wanaume wamejazana. Nilikuwa sijapita kichochoro kile kwa miaka mingi, kwa hasira tu. Kibao kipo. Kimepakwa rangi upya, na sasa kina picha ya mikono yenye pingu. Mbele yake walikuwa wamesimama wanafunzi kama darasa zima, na kofia za njano walizogawiwa, na msichana wa sare ya kijani mwenye kipaza sauti kidogo kilichobanwa shavuni. Alikuwa akisema kwa sauti tamu kwamba katika nyumba hii aliishi bibi wa mwisho wa ukoo wa watekaji, ambaye siku ya kufunguliwa kibao alilia kwa majuto mbele ya watu wote. Maneno ya Mwalimu Athumani, hata hayajachakaa. Kisha akawaomba watoto wavue kofia na wanyamaze kwa dakika moja.

Nikainua mnyororo. Magoti yangu si ya kuinamia minyororo, lakini niliinama nikapita chini yake, nikaketi. Mawe yalikuwa baridi na laini vilevile. Rukia alisimama akinitazama, mkono mdomoni, kisha naye akainama, akakwama katikati, buibui imenasa, ikabidi nimvute kwa mikono miwili mpaka akaniangukia mapajani.

"Mama zangu, tafadhali," msichana wa sare akanong'ona, "hapo walikaa mateka."

"Twajua," nikamwambia. "Wawili wenyewe ndio hawa."

Rukia akaanza. Nilihisi akitetemeka kama alivyotetemeka mgongoni mwangu siku ile, na nilipomuuliza, "Ewe, wateka nini?" akashindwa kujibu, nami nikashindwa kungoja jibu. Tulicheka. Tulimcheka Mwalimu Athumani na Kiswahili chake cha redio, tukamcheka mheshimiwa na tai yake, tukawacheka wazee wa mtaro, na sauti zetu zikapanda ukutani zikarudi. Nilimlilia Bi Zuhura pia, humo humo ndani ya kicheko, na sikuona haja ya kutenganisha. Msichana wa sare aliwageukia wanafunzi, akashusha sauti. "Mnaona, watoto," akasema. "Wenyeji bado wana uchungu." Watoto walisimama kimya, kofia za njano vifuani, wakitutazama.

Kwenye kona, nyuma yao, mzee mmoja aliyekuwa akitoka hitimani alisimama akiwa na haja ya kupita. Alisikiliza kidogo. Kisha akakohoa.